Tungule zangu zalala zikiwa mbichi: hizo "jeni za sindano" ni nini, na mbona hamziondoi?

Swali la msomaji: "Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mama mkulima, nalima tungule (nyanya) na biringanya kando ya mto Sabaki hapa Malindi. Msimu huu tungule zanyauka ghafla zikiwa bado kijani, asubuhi mche uko wima, jioni umelala. Mwanangu yuko chuo, aniambia ni bakteria, ati wana jeni za kutengeza sindano, na bakteria akiondolewa hizo jeni hawezi kuua tena. Kama ni hivo mbona nyinyi wataalamu hamziondoi tukapumzika? Na mbona mahindi yangu yaliyo pale pale hayaguswi?"

Waaleikum salaam dadangu, na pole sana, najua mbegu sai si bei ya mchezo na pampu ya maji nayo yanywa mafuta kila siku halafu mtu aamke akute shamba limelala. Mwanao hakukudanganya. Alilokwambia ni kweli, ila ni nusu ya maneno, na nilipoisoma hiyo "mbona hamziondoi" nilicheka peke yangu manake ndilo swali nililomuuliza mwalimu wangu nikiwa kijana nimetoka Amu na begi moja, nikidhani nimemshika.

Kabla hatujafika kwa jeni, yaani yale maagizo ya kurithi yaliyo ndani ya kila kiumbe, hebu hakikisha kwanza kama ni yeye kweli. Kata shina la mche uliolala leo leo, usingoje ukauke, kata karibu na ardhi kipande cha urefu wa kiganja hivi. Tia maji safi kwenye gilasi ya kioo, kipande kining'inize na kibanio kile cha kuanikia nguo ili ncha ya chini iguse maji tu, na usiitikise. Nyuma ya gilasi weka kitu cheusi, buibui lako latosha. Ngoja dakika chache. Kama ni bakteria wa mnyauko utaona uzi mweupe wateremka kutoka kwa lile shina, mwembamba, wenda chini polepole kama moshi wa udi uliopinduliwa kichwa chini miguu juu. Ule uzi ni bakteria wenyewe, mamilioni kwa mamilioni, pamoja na ute wao. Mnyauko wa kuvu hautoi uzi huo, na tena kuvu kwa kawaida huanza kwa kugeuza majani ya chini manjano, mara nyingi upande mmoja, hauangushi mche mbichi kwa siku moja. Usipouona uzi niandikie tena, itakuwa tunazungumza mambo mengine kabisa.

Ukiuona, basi jina lake ni Ralstonia solanacearum. Alielezwa na Mmarekani Erwin Smith mwaka 1896 na tangu hapo amebadilishwa majina mpaka kachoka, mwaka 2014 hata wakamgawa, wakasema kumbe ni spishi tatu. Sie tutamwita Ralstonia tu. Anashika mimea ya aina zaidi ya 200, tungule, biringanya, pilipili, viazi, tumbaku, njugu, tangawizi. Anakaa udongoni na majini, anaingilia kwenye mizizi iliyochubuka ama pale vijizizi vichanga vinapochomoza, halafu anahamia kwenye mishipa inayopandisha maji. Joto analipenda, kwa hivo pwani yetu hii yuko kama yuko kwao.

Haya, sindano.

Miaka ya 1980 watu wa maabara walikuwa na kazi moja ya kuchosha kweli kweli. Wachukua bakteria wa mimea, wavuruga jeni bila kuchagua, kila bakteria jeni yake imeharibika mahali tofauti, kisha wawadunga kwenye mimea mmoja mmoja, maelfu ya mimea, waone ni nani kashindwa kuleta ugonjwa. Wafaransa wa Toulouse walikuwa wakifanya hivo na Ralstonia wetu huyu, na Marekani kuna waliokuwa wakifanya na bakteria mwengine, Pseudomonas wa maharagwe, na mwaka 1986 hawa wa maharagwe wakatangaza kwamba wamepata kundi la jeni la ajabu. Ukiliharibu, bakteria hawezi kuuguza mmea dhaifu. Hilo ungelitarajia. Lakini mmea ulio sugu nao, ule ambao ukidungwa bakteria huyo kwa kawaida huziua seli zake wenyewe pale pale kwa hasira ili adui asipite, na wewe ukaona doa limekauka kesho yake, nao pia haukushtuka! Ukakaa kimya kana kwamba umedungwa maji. Ndipo jeni hizo zikaitwa hrp, herufi mbili za kwanza ni za huko kushtuka kwa mmea na ya mwisho ni ya kuleta ugonjwa.

Hapo nataka utulie kidogo dadangu manake kila kitu kingine nitakachosema kinatokana na hilo. Kifaa kinachomwezesha bakteria kuua ndicho hicho hicho kinachomfanya mmea ulio macho umjue. Ni kama mwizi ambaye mtaimbo wake wa kuvunjia mlango una kengele.

Kifaa chenyewe hawakukijua mara moja. Mapema miaka ya 1990 waliposoma herufi za jeni hizo wakakuta zafanana na za bakteria wa tauni na wale wa Salmonella wanaotuharisha, na pia na zile zinazojenga mkia ambao bakteria huogelea nao, yaani ni kama fundi mmoja alichonga pangaboi na mtutu kwa vyuma vya aina moja. Kwa Ralstonia kundi hilo lina jeni zaidi ya 20. Nyengine zajenga kitako kinachopenya ngozi mbili za bakteria, moja yajenga mota ya kusukuma, moja inaitwa hrpY yatoa vipande vinavyopangwa kimoja juu ya kimoja mpaka vikawa mrija unaochomoza nje. Unene wa mrija huo kwa bakteria wa mimea ni kama nanomita 8, na nanomita moja ni milimita moja uigawe mara milioni. Lakini urefu! Mrija waweza kuwa mrefu kuliko bakteria mwenyewe. Wale bakteria wa watu sindano zao ni fupi mno ukilinganisha, na sababu ni rahisi, seli yetu sie haina ukuta, mmea una ukuta mnene, lazima mwenye kudunga awe na mkono mrefu.

Bakteria wana njia kadhaa za kutema protini nje na wataalamu wamezipa nambari tu, hii ya sindano ikawa aina ya tatu. Usitafute maana kwenye nambari, hakuna.

Ndani ya mrija mwapita nini? Mwapita protini zinazoitwa efekta. Tundu ni dogo sana protini haiwezi kupita ikiwa imejikunja kama ilivyo kawaida yake, lazima ifumuliwe inyooshwe kama uzi, ipite, kisha ijikunje upya upande wa pili ndani ya seli ya mmea. Ukiwahi kumwona mtu wa Amu ashona kofia ya vito, vile anavyoulamba uzi na kuunyoosha kabla ya kuuingiza, basi ndivyo, ila huku uzi ukishapita waamka wajifanya mtu na waanza kazi.

Na hapa ndipo nataka utenganishe vitu viwili ambavyo hata wanafunzi wa chuo huvichanganya, mwambie na mwanao. Kuna jeni za mrija, na kuna jeni za mzigo unaopita kwenye mrija. Jeni za mrija ukiharibu moja tu, ile hrpY kwa mfano, umemaliza, bakteria hana tena ukali, mche wasimama wima hata ukimwagia bakteria mizizini. Jeni za mzigo ni habari nyingine. Kuna Ralstonia mmoja aliyetolewa kwenye tungule huko Guiana ya Kifaransa, jeni zake zote zilisomwa mwaka 2002, na huyo peke yake ana efekta kama 70 hivi. Sabini! Na mara nyingi ukimnyang'anya moja hata hujui kama umefanya kitu, mche walala vile vile, labda wachelewa siku moja mbili, manake zafanya kazi kwa kusaidiana, moja ikikosekana nyingine yashika. Kuna familia ya efekta saba ziitwazo GALA, ukiondoa zote saba ndipo waona ukali umeshuka, lakini ukihamia kwenye mmea mwengine jamii ya mikunde wakuta ni ile ya saba tu peke yake ndiyo yenye uzito. Kwa hivo efekta moja yaweza kuwa si kitu kwa tungule na kuwa ndiyo roho ya ugonjwa kwa mmea mwengine.

Watu wa Pseudomonas walilichimba hili mpaka mwisho, wakamchukua mmoja anayeuguza mnyanya wakamvua efekta 28, mrija mzima, mzigo hakuna, akawa bure. Kisha wakaanza kumrudishia moja moja kwa mpango, na mwaka 2011 wakaonyesha kwamba nane tu zilizochaguliwa vizuri zatosha kumrudishia karibu nguvu zake zote za kuzaana ndani ya jani la jamii ya tumbaku. Mie nilipoisoma kazi hiyo nilikaa nikafikiria, sasa zile ishirini nyingine za nini? Na nadhani jibu ni akiba. Mmea ukiitambua hii, yuko na ile.

Zafanya nini humo ndani? Nitakupa moja tu kwa karibu, manake nzuri. Inaitwa PopP2. Ikishaingia kwenye seli yaenda moja kwa moja kwenye kiini, pale DNA ya mmea ilipo. Kule kuna protini za mmea ziitwazo WRKY, kazi yake ni kuishika DNA na kuwasha jeni za ulinzi. PopP2 yaja na kemikali ndogo yaibandika kwenye ile mikono ya WRKY, mikono haishiki tena. Ni kama kumpaka bawabu mafuta mikononi halafu umwambie afunge komeo. Ulinzi hauwashwi, bakteria wapanda juu kwa nafasi zao.

Lakini kuna mmea mmoja mdogo wa maabara, Arabidopsis, baadhi yake umefanya ujanja ambao mvuvi yeyote wa Shela angeupenda. Umechukua kipande cha WRKY umekipachika juu ya protini yake ya kengele, kipande cha bandia, hakifanyi kazi nyingine yoyote, kipo pale kama chambo. PopP2 yaja kwa uroho wake yakibandika na hicho, na kile kitendo tu cha kubandika ndicho kinachovuta kamba ya kengele! Hilo lilielezwa vizuri mwaka 2015. Efekta imenaswa kwa kufanya kazi yake ile ile.

Sasa ngoja nikuharibie picha kidogo, manake nisije nikakuacha ukidhani sindano ndiyo kila kitu. Ralstonia ana pia njia ya kutema aina ya pili, hii haina sindano, ni lango tu la kumwaga vimeng'enya nje, na vimeng'enya hivo vyalainisha kuta za mmea apate kupita mpaka kwenye mishipa. Ukiliziba lango hilo ukali wake unashuka vibaya hata sindano ikiwa nzima. Na juu ya hapo ana ute, ule uliouona kwenye gilasi. Ute ndio unaoziba mishipa. Kwa hivo mche wako haufi kwa sumu, wafa kwa kiu, mizizi iko kwenye maji na majani hayapati, na ndiyo sababu hata ukiongeza maji mchana kutwa haisaidii kitu na pengine wawapelekea bakteria kwa jirani.

Huo ute mie ulinifundisha adabu. Nikiwa bado mwanafunzi nilipewa Ralstonia mkali nimtunze, nikawa namhamisha kutoka chupa moja ya supu kwenda nyengine wiki baada ya wiki, mvivu, sikujali, hata siku ya kudunga mimea mbele ya msimamizi wangu ikafika. Nikadunga miche ya nyanya thelathini. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili miche yashamiri, mmoja hata umetoa ua. Nikaona aibu sijawahi kuona. Tukarudi kwenye sahani tukawaotesha juu ya chakula chenye dawa ambayo bakteria huigeuza nyekundu, na wakali wa kweli huota vidonge vyeupe vilivyolowa vinavyotiririka, katikati kuna waridi kidogo, basi wangu wote walikuwa vidonge vidogo vikavu vyekundu. Walikuwa washapoteza swichi moja iitwayo phcA, ambayo ndiyo inayowaambia "sasa tumekuwa wengi, toeni ute". Ndani ya chupa ya supu ute hauna faida, ni gharama tu, basi wavivu wasiotoa ute ndio waliozaana haraka wakawafunika wengine. Sindano zao zilikuwa zote zipo! Jeni za mrija hazikuguswa. Lakini ukali haukuwepo.

Na sindano nayo ina swichi zake. Ralstonia haijengi mrija ovyo manake ni gharama, ana kipokezi juu ya ngozi yake kinachogusa ukuta wa seli ya mmea, kikigusa habari yapita kutoka protini moja kwenda nyengine mpaka kwa mkubwa wao HrpB, na huyo ndiye anayewasha mrija na mzigo pamoja. Ukimweka kwenye supu iliyonona mrija hajengi. Ukimweka kwenye maji ya dhiki yanayofanana na ndani ya mmea, ajenga.

Sasa tukirudi kwa "mbona hamziondoi". Kuziondoa twaweza, na si leo. Kumharibu bakteria mmoja jeni ya mrija ni kazi ya maabara ya kawaida. Taabu ni kwamba bakteria niliyemvua sindano yuko kwenye sahani yangu, na walio shambani kwako hawajavuliwa, nao ni mabilioni, na mie sina namna ya kuingia kwenye mchanga wa Sabaki nikamkamata mmoja mmoja. Wafaransa walijaribu njia ya kupita pembeni, karibu mwaka 1990, wakawatanguliza mizizini wale wasio na sindano kama chanjo ili wakae kwenye nafasi kabla ya wakali kuja, na ugonjwa ulipungua kwenye majaribio. Lakini lazima watangulie na lazima waweze kuingia ndani ya mmea, na asiye na sindano huingia kwa shida, hapo ndipo pana mkwamo. Halafu Ralstonia ana tabia mbaya, anaokota DNA ya wenzake waliokufa na kuitia mwilini mwake, kwa hivo hata mie binafsi singelala usingizi mzuri nikimwaga wa kwangu walioharibiwa katikati ya wazima. Kuna pia wanaotafuta dawa ya kuzima sindano bila kumuua bakteria, na kuna kemikali za mimea yenyewe zilizoonyesha kuzima sindano ya bakteria wa kuoza, lakini hiyo bado ni habari ya maabara, usije ukauziwa chupa huko agroveti ukaambiwa ni hiyo.

Nikusimulie na hii manake siwezi kuiwacha. Mwaka 2010 hao hao wa Toulouse na wenzao walichukua Ralstonia wa tungule wakampa jeni za bakteria anayetengeza vifundo kwenye mizizi ya kifauwongo, ule mmea wetu wa pembeni mwa njia ambao watoto wauambia lala nao walala. Walitaka kuona kama muuaji aweza kugeuka rafiki. Hakuweza, alikaa tu. Mpaka walipopata wachache waliofaulu, na kuwachunguza wakakuta wameharibika jeni za sindano wenyewe kwa bahati! Sindano ilipokufa ndipo mmea ukakubali kufanya vifundo. Yaani sindano haikuwa tu silaha, ilikuwa ndiyo inayomharibia kila mlango wa amani. Ingawa nisikudanganye, kuna bakteria wazuri wa mikunde ambao nao wana sindano na waitumia kujitambulisha, mambo haya hayana kanuni moja.

Na mahindi je? Bakteria wa tungule ana mzigo uliochongwa kwa kufuli za watu wa ukoo wa tungule. Kwa mmea wa mbali kama mahindi ulinzi una tabaka kwa tabaka, efekta nyengine hazipati cha kushika, nyengine zapiga kengele, na yeye hafanikiwi kuijaza mishipa. Waweza kuliona kinyumenyume kwa tumbaku. Yule Ralstonia wa Guiana haiuguzi tumbaku. Mwaka 2009 wakamtoa efekta mbili, AvrA na PopP1, na tumbaku zikaanza kunyauka! Umeona? Kamtoa silaha mbili akawa mkali zaidi. Manake zile mbili ndizo tumbaku ilizokuwa ikimjulia.

Ndiyo maana sie tunaoifuatilia kazi hii twawaambia wanaozalisha mbegu, msitafute tu aina iliyo sugu, mjue ni efekta gani yaitambua. Usugu ukitegemea efekta ambayo bakteria aweza kuitupa bila hasara, ataitupa, na misimu michache baadaye mkulima atalia kwamba mbegu ilikuwa ya uongo. Kuna biringanya moja iitwayo AG91-25 inayomkamata kwa efekta RipAX2 na Ralstonia asiyekuwa nayo hiyo efekta apita. Kwa nyanya kuna aina ya zamani, Hawaii 7996, usugu wake watoka kwenye sehemu kadhaa za jeni kwa pamoja, na ndiyo sababu umedumu kuliko nyingi, ila matunda yake ni madogo huwezi kuyapeleka sokoni Malindi ukaangaliwa usoni.

Sindano ya aina ya tatu pia si lazima kwa kila muuaji wa mimea, nisije nikaandikiwa na wajuaji. Xylella, yule aliyemaliza mizeituni kusini mwa Italia tangu 2013, hana kabisa, yeye hubebwa na mdudu mnyonyaji atiwa moja kwa moja ndani ya mshipa, sindano ya mdudu yamtosha. Na Agrobacterium atumia aina ya nne, huyo hatii protini peke yake, atia na kipande cha DNA yake ndani ya DNA ya mmea, ukaota uvimbe unaomlisha yeye. Sie watu wa pwani hilo hatuhitaji kuelezwa sana, ni mtu kuja usiku akaingiza hati yake kwenye rejista ya ardhi, na asubuhi wewe ndiye unayemlimia.

Basi shamba lako. Miche iliyolala ing'oe na mizizi na mchanga ulioshikana nayo, tia kwenye gunia, ichome mbali na mfereji, usiitupe mtoni kabisa. Jembe lililochimba hapo lisiende kwa biringanya kabla ya kuoshwa na jiki. Pale penye ugonjwa usipande tungule wala biringanya wala pilipili wala njugu, panda mahindi, misimu zaidi ya mmoja, na uyang'oe magugu ya ukoo wa tungule kama mnavu na mtunguja manake bakteria hujificha humo bila hata kuyanyausha. Chimba mzizi mmoja uangalie kama una vinundu vinundu, mchanga wetu huu mwepesi minyoo ya mizizi yaupenda sana na kila shimo wanalotoboa ni mlango wa Ralstonia.

Na kama lazima ulime tungule, tafuta kitalu kinachounga miche, tungule yako ya sokoni juu, chini mizizi ya Hawaii 7996 ama ya biringanya la mwitu Solanum torvum, ambalo nalo lina usugu dhidi ya bakteria huyu. Muulize mwenye kitalu kwa jina mizizi ni ya nini, akikwambia "ni ile ngumu tu" ondoka. Ukiipanda, kile kiungo kikae juu ya mchanga, usikifukie hata kama mmezoea kufukia shina la tungule ili litoe mizizi zaidi, manake tungule ya juu ikitoa mizizi yake yenyewe ikagusa udongo umemfungulia Ralstonia mlango wa uani. Kila wiki pita uangalie, ukiona vijizizi vyachomoza juu ya kiungo vikate na wembe uliopitishwa kwenye jiki kwanza, mche mmoja, waupitisha tena, mche mwengine.